Benchi Linalotazamana na Gereza

Benchi la mbele ya duka la mikate, Mtaa wa Henty, linatazamana na gereza la zamani ambalo siku hizi watalii hukata tiketi kuliona. Kila asubuhi hukaa watatu hapo na kahawa zao. Clarrie Dunstan, askari magereza mstaafu, huitwa Funguo. Nev Karras, aliyefungwa humo miaka minne, ni Ndoo. Beryl, aliyekuwa mpishi wa gereza, ni Mama Uji.

Asubuhi hiyo walibishania nani hasa aliziondoa ndoo za haja, zile ambazo wafungwa walilala nazo selo miaka nenda rudi.

— Ghasia zetu, alisema Ndoo. Tulichoma paa, serikali ikashtuka, tukapata vyoo. Mvumilivu hula mbivu.

— Uvumilivu uko wapi na paa mmelichoma? aliuliza Mama Uji.

— Tulivumilia kwanza, ndo tukachoma.

Mama Uji akasema hapana, waziri alikuja kukagua, akatumbukiza mguu kwenye ndoo mojawapo, akarudi bungeni na kiatu kimoja. Ndoo akaapa kuwa kiatu cha pili alikivaa yeye mpaka alipotoka.

Clarrie alikunywa kahawa yake. Yeye aliijua tume ya uchunguzi iliyoundwa baada ya ghasia: siku tisa za maswali, kisha ripoti iliyokaa kabatini miaka mitatu kabla fundi bomba wa kwanza hajaingia.

Mwanamke wa makamo mwenye tiketi mkononi akawasabahi, akauliza kama kuna aliyewahi kufanya kazi mle. Ndoo akamwonyesha Funguo kwa kidevu.

Mwanamke akajitambulisha: Joyce Tranter. Kaka yake Alec alikufa kwa joto selo ya ghorofa ya juu, mwezi wa pili, mwaka ule kabla ya ghasia. Ripoti ya tume ilisema, kwa ushahidi wa wafungwa, kwamba aligonga mlango.

— Haikusema aligonga muda gani, alisema. Nataka kujua hilo tu.

Mama Uji akainamisha uso.

Amri siku ile ilikuwa mlango usifunguliwe bila ruhusa ya mkubwa, na mkubwa hakuwepo. Mbele ya tume Clarrie aliapa kuwa hakusikia kitu.

Akajisogeza, akampisha Joyce nafasi.

— Dakika tisini, dada. Nilikuwa zamu. Nilisikia zote.

Ndoo aligeuka, akamtazama kama mtu asiyemjua.

Joyce aliketi polepole, mkoba magotini.

— Nisimulie tangu mwanzo, alisema.