Mama Alijibu "Salama"

Bwana asifiwe, wapendwa! Na Wagogo wa kwetu, mbukwenyi! Mmeitikia kwa sauti, wote wazima. Hata yule ambaye jino limemnyima usingizi ameitikia. Shikeni hapo hapo, maana ushuhuda wangu unaanzia hapo.

Mimi ni Mama Neema wa Nkuhungu, napokea wageni katika ofisi moja kule Mtumba. Mnanijua, nina mdomo. Mtu akiruka foleni namrudisha nyuma, awe na tai asiwe na tai. Lakini mama yangu mzazi alipoanguka shambani, akavunjika nyonga na kulazwa, mdomo huo niliuacha getini.

Ndugu zangu, mama ni Mgogo wa kijijini, amelima uwele maisha yake yote. Alilelewa kwamba ukisalimiwa unajibu vizuri kwanza, hata kama nyumba imeungua. Shida husemwa baadaye, mkishakaa. Basi kila asubuhi muuguzi alipita na faili. "Bibi, umeamkaje?" Mama anajibu, "Salama, mwanangu." Muuguzi anaandika, anakwenda kitanda kingine. Wagonjwa walikuwa wengi na yeye ni mmoja. Hakuna aliyekaa kusubiri hiyo shida isemwe.

Nami nilikuwepo! Nilisimama pale na chupa yangu ya uji, nikifurahia adabu ya mama. Siku moja akaninong'oneza kwamba mgongo unawaka moto. Nikamwambia, "Vumilia, mama, tusiwachoshe hawa watu, wasije wakatuchukia." Jamani! Maneno hayo niliyasema mimi. Mama hakulalamika tena.

Wiki ya pili nikasikia harufu. Nikadhani ni uji umechacha, nikaenda kuosha chupa. Nikaiosha mara mbili! Kesho yake harufu ipo. Ndipo nikainua shuka, nikamsogeza kidogo nimbadilishe khanga, nikaona kidonda chini ya kiuno. Ngumi yangu ingeenea mle. Siku zote hizo alikuwa amelalia mgongo, hakuna aliyemgeuza.

Nilitoka koridoni nikalia. Nikasema, Bwana, nifungue kinywa! Maana nilikuwa nimefungwa, ndugu zangu, nimefungwa na woga niliouita heshima. Nikarudi wodini kwa yule muuguzi. "Sista, samahani. Naomba twende wote tumgeuze mama, uone mgongo wake."

Akashangaa. "Mbona kila siku ananiambia salama?"

"Hiyo ni salamu tu, Sista. Kwetu hatujibu salamu kwa kulalamika. Muulize anaumwa wapi."

Alipouona mgongo akaweka faili chini. Kisha akavuta kiti, akakaa, akauliza. Na mama akasema yote, bila kuhimizwa! Yule dada akamwomba radhi mbele ya wodi nzima. Tangu siku ile karatasi ya saa za kumgeuza ilibandikwa kitandani, kidonda kikasafishwa kila siku, nami nikafundishwa kumgeuza bila kumuumiza.

Mama yuko hai, sifa zote kwa Mungu! Lakini sitawadanganya. Kidonda kilifika mfupani, na kukaa kwenye benchi hizi hawezi tena. Leo nimemwacha nyumbani, amelalia ubavu. Nimemwomba msamaha, akanisamehe siku ile ile. Mimi ndiye bado sijajisamehe. Ningesema siku ile aliponinong'oneza, leo angekuwa hapa mbele anaimba, na sauti yake mnaijua.

Ndugu zangu, ukiwa na mgonjwa wako wodini, inua shuka. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Nami sasa kila asubuhi nikishamsalimia mama na yeye akishajibu salama, navuta kigoda, nakaa, namuuliza mara ya pili.

Na wewe uliyekuja hapa leo ukamwitikia Mungu kwamba hujambo, mwamini Yeye. Hana kitanda kingine cha kukimbilia. Ameshavuta kiti. Mwambie panapouma.