Ufunguo wa Chumba cha Barafu

Mgeni rasmi, Metre Olga, avoka wa sheria uliyetoka Lubumbashi kuja kufungua biro yako ya uwakili hapa Kalemie. Wakubwa wa serikali mliokaa viti vya mbele. Wenzetu wa bandari, wa reli na wa soko:

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita mwaka 2025, asubuhi, Mama Florentine, jerante na msimamizi wetu, alianguka mbele ya mlango wa chumba chetu cha barafu, ufunguo ukiwa mkononi. Tulipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha kutuacha. Tunaanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo siku ambayo sosiete yetu, kampuni yetu ya samaki na barafu, ilipoteza mkono na mdomo. Bwana wa protokole alituomba tuanze na pongezi. Pongezi zipo, zitafika.

Anayesoma ni Kalenga, fundi wa mashine ya barafu. Marehemu alikuwa bibi yangu, mke wangu wa ndoa. Wenzangu wamenituma mimi, niliyeacha shule mwaka wa nne wa primeri, kwa sababu wao ni washirika wa sosiete na mimi ni mfanyakazi tu. Wao wameogopa. Statiti, yaani ile karatasi ya sheria ya sosiete iliyoandikwa na biro yako, inasema anayesema mbele ya watu kwa jina la sosiete ni jerante peke yake. Jerante wetu tumemzika. Kwa hiyo, Metre, kama kusoma risala hii ni kosa, kosa lihesabiwe kwa mtu aliyefiwa, wengine waachwe.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana Kalemie. Barabara uliyopita kutoka uwanja wa ndege ilifagiliwa jana, na mashimo yakajazwa udongo. Sisi tunaipita kila siku, tunajua ilivyokuwa juzi.

Tumeambiwa biro yako itawasaidia wafanyabiashara kuandika sosiete, kufanya mikataba, kusimama tribinali mbele ya hakimu, kumaliza ugomvi wa washirika. Kwa hilo tunakupongeza, na tunasema kutoka moyoni. Mpaka leo, mtu wa Kalemie aliyehitaji avoka wa biashara alimtafuta kwa simu. Akimpata, hakujua sura yake. Akimkosa, hakujua mlango wa kugonga. Sisi tulikupata kwa simu. Leo tumeiona sura yako na tumeuona mlango, na rangi yake bado mbichi.

TULIKOTOKA

Tulianza kama likelemba ya wamama wauza samaki. Kila juma kila mama anatia sehemu yake katika mfuko, na mfuko unakwenda kwa mmoja kwa zamu. Baadaye wenye mitumbwi wakaingia, maana waliona mikebuka yao, samaki wa ziwa letu, inaoza mchangani kabla mnunuzi hajafika. Katika ile likelemba, mama mwenye kushika mfuko akifa, mwenzake anaushika siku ile ile, kilio kikiendelea. Hakuna aliyetuandikia jambo hilo.

Kisha wakubwa wakaleta habari ya mashine ya barafu. Wakasema likelemba haiwezi kupewa mashine. Iwe sosiete, na karatasi za avoka ziwe kamili. Wale waliotuambia hivyo, wawili wapo hapa mbele. Walitupa namba ya biro yako, wakaondoka.

Tuliweka simu juu ya meza ya samaki, sauti ikiwa wazi, ili wote wasikie. Bwana mmoja wa biro yako aliuliza, "Jerante ni nani?"

"Florentine," wamama wakajibu.

"Kwa muda gani?"

Wakatazamana. Mama Chérie, ambaye njo mkubwa wa wamama wa soko, akasema, "Mpaka achoke."

"Sheria haijui kuchoka, Mama. Ninaandika maisha yake yote."

Bibi yangu akacheka. "Sasa muko munasikia? Hata nikiwa na midomo mirefu, hamuwezi kunifukuza."

Halafu yule bwana akatueleza kwamba tangu siku hiyo sosiete ni muntu. Ana jina lake, ana mali yake, anaweza kudai na kudaiwa. Mali yake si ya Florentine, si ya Chérie, ni yake. Tulipenda sana maneno hayo. Mama Chérie akauliza, "Huyu muntu anakula nini?" Watu wakacheka mpaka simu ikakatika. Toka hapo, kila tulipogawana, lazima mmoja aseme, "Na sosiete naye amekula?" Ndipo tukaweka pembeni pesa za mafuta na za kutengeneza mashine. Utani ule ulitutunzia mashine vizuri.

Lakini hakuna aliyeuliza huyo muntu atasimama na miguu ya nani siku Florentine hayupo. Sisi hatukujua kwamba hilo njo swali. Yule bwana alijua, kwa maana amesomea, naye hakuuliza.

TULIYOYAFANYA

Tulipata barafu, na barafu ikageuza maisha ya watu. Mikebuka ya Kalemie ilifika Nyemba na Nyunzu ikiwa bado na macho mazima. Watu wa pikipiki walifunga masanduku ya barafu nyuma, wakapata kazi. Wamama waliacha kuuza kwa bei ya kulia jua linapopanda. Watoto wetu hawakufukuzwa tena shuleni kwa ajili ya minerval, pesa za masomo. Mkubwa mmoja wa jimbo alikuja kupiga picha akiwa ameshika kipande cha barafu. Picha ile iko bironi kwake mpaka leo, barafu hatuna.

Mama Florentine alikuwa anafungua mlango kabla mitumbwi haijarudi, amevaa koti zito katika joto hili, watu wakimuita Mama wa Ulaya. Jioni alirudi nyumbani akaniwekea mikono yake shingoni, baridi kabisa, mimi nikiruka, watoto wakicheka. Wenzangu waliniambia niitoe sehemu hii katika risala. Nimeiacha.

YANAYOTUSUMBUA

Siku ile ya msiba tulikwenda banki kuomba pesa za sosiete, tumnunulie sanduku la kuzikia. Yule wa banki alisema, "Jerante asaini."

Mama Chérie akamwambia, "Papa, jerante njo huyu tunamutafutia sanduku."

"Nawaelewa, Mama. Pole sana. Lakini bila saini yake siwezi."

Tulirudi mikono mitupu. Sanduku lilinunuliwa na majirani, watu wa kanisa, na watu wa reli ambao hata samaki wetu walikuwa hawali. Ndugu za marehemu walifika kutoka Kongolo, mkubwa wao akiwa shemeji Grégoire, kaka aliyemlea marehemu tangu utoto wake. Aliketi akasikiliza majina ya waliochanga yakisomwa. Sosiete haikutajwa. Aliniangalia.

Siku ya kumaliza kilio ilipofika, tulifanya kama inavyopasa. Vitu vyote vya marehemu viliwekwa juu ya mkeka mbele ya ndugu zake, wavipokee: vitenge, masufuria, cherehani, viatu vya kanisa. Na ufunguo, ule wenye uzi mwekundu, uliotolewa mkononi mwake hospitali. Washirika wote walikuwa pale. Hakuna aliyekohoa. Nani angekohoa? Miaka yote tuliuona ufunguo ule katika mkono wake, wala hakuna avoka aliyetuambia kwamba ufunguo unaweza kukaa katika mkono wa muntu na usiwe wake. Shemeji aliupokea kwa mikono miwili, na heshima yote.

Kesho yake alifunga chumba cha barafu, akaongeza na kufuli yake.

Tulimwendea. "Shemeji, kile chumba ni cha sosiete."

"Sosiete njo nani?"

"Ni muntu, kwa sheria. Tuliambiwa na avoka."

Hapo akatuuliza swali. Tutalitaja mwisho, maana tumelizungusha mji mzima na hatujapata wa kulijibu.

Hatumsemi shemeji kwa mgongo. Tulimualika sisi wenyewe, yuko pale karibu na mlango, mwenye shati la bluu. Si mwizi. Amefiwa kama mimi. Lakini amesema mashine itakwenda Kongolo, ikawalee huko watoto aliowaacha dada yake, na mimi ninajua mashine ile ikifunguliwa vipande na kupakiwa katika behewa, haitatoa barafu tena popote.

Tulikwenda komini, kwa wakubwa wa mji. Wakasema, nendeni tribinali. Tribinali wakauliza nani analalamika. Tukasema, sosiete. Wakasema, jerante wa sosiete alete saini. Tukasema basi tutachagua jerante mwingine. Wakatufungulia statiti, wakatuonyesha kwa kidole: mkutano wa kuchagua jerante unaitwa na jerante. Mama Chérie akawauliza kama tuende makaburini kumuomba atuitie mkutano. Wakamwambia asifanye mchezo katika nyumba ya serikali. Hakuwa anafanya mchezo.

Tulipiga namba ya biro yako. Sauti ya kurekodiwa ilisema namba hiyo haiko tena. Wakubwa wa jimbo wakatuambia tuvumilie, avoka mwenyewe anakuja kufungua biro. Tumevumilia. Wamama wanatia samaki chumvi, na zile ambazo chumvi haikuzifikia zinarudishwa ziwani. Watu wa pikipiki wameuza masanduku yao. Mimi kila asubuhi ninakwenda kuweka sikio ukutani. Mashine iliyozoea kuunguruma ikinyamaza muda mrefu, kutu inaanza ndani, mahali jicho halifiki.

Na kuna jambo la treni. Treni ya kwenda Kongolo haina siku, wote mnajua. Inaweza kukawia mpaka watu waisahau. Kwa hiyo hatukujua tunabaki na muda gani. Kila honi ikilia upande wa stesheni, wamama wanaacha meza zao wazi na kukimbilia chumba cha barafu kuangalia kama kufuli bado iko. Hatulali vizuri, Metre. Jana jioni honi ililia, na treni imefika kweli. Iko stesheni sasa, inapakia.

TUNACHOOMBA

Ombi la kwanza. Tumeona katika programu kwamba baada ya kukata utepe utakwenda hoteli kula, na kesho utapanda ndege. Tunaomba kabla ya chakula utembee nasi mpaka mlango wa chumba cha barafu. Si mbali, hata kwa viatu ulivyovaa. Shemeji Grégoire atakuja, tumekwisha kumuuliza, amesema atakuja kama na wewe unakuja. Umwambie kwa mdomo wako, uso kwa uso, yale ambayo biro yako ilituambia kwa simu. Na ikiwa sheria inasema chumba ni chake, utuambie na sisi pale pale. Tutaumia, lakini tutajua. Hofu hii ya kutojua imetuchosha kuliko kazi.

Ombi la pili. Uangalie statiti uliyotuandikia, utuonyeshe nani anaweza kuita mkutano. Wakubwa hapa mbele wanasema lazima kuwe na njia. Kila mmoja anasema iko, na kila mmoja anasema iko kwa mwenzake. Na kwa wote watakaoingia katika biro hii mpya kuandika sosiete, tafadhali, mara wakitaja jina la jerante, muwaulize: na huyu akifa? Watakasirika kidogo. Bibi yangu angecheka.

Ombi la tatu. Aachwe hapa avoka anayelala Kalemie. Kibao cha ukutani ni kizuri, lakini kibao hakipokei simu.

Kulikuwa na ombi la nne, juu ya wale waliotulazimisha kuwa sosiete bila kutueleza. Bwana wa protokole amelikata kwa kalamu. Tunamshukuru kwa kutuachia yale mengine.

KUFUNGA

Metre Olga, Mungu akulinde njiani na angani. Awape wafanyakazi wako masikio ya kusikia hata kile ambacho mteja hajui kuuliza. Awabariki wakubwa wetu, awaguse nao, usingizi wao upungue kidogo, mpaka wetu urudi. Na Mama Florentine ampumzishe mahali ambapo hahitaji koti.

Ni sisi, watu wa chumba cha barafu cha bandarini, Kalemie. Jina la sosiete hatukuliandika chini ya karatasi, kwa maana hatujui nani kati yetu ana ruhusa ya kuliandika.

Na swali la shemeji Grégoire ni hili. Tunalileta kama alivyolisema siku ile, amesimama mbele ya mlango, ufunguo mkononi, macho yakiwa mekundu: "Munasema hii sosiete ni muntu. Sawa. Sasa siku tulimuzika dada yangu, alikuwa wapi?"