Mbigili ya Mzee Majira

Benchi la kijiwe lilikaa kati ya kinyozi na karakana ya pikipiki, na wenye benchi walikuwa walewale: Redio, kinyozi asiyenyamaza hata mteja akisinzia, Spana, fundi pikipiki, na mkubwa wao Mzee Majira, fundi saa, aliyezoea kufunga kila ubishi. Lakini siku hizi ubishi haukufungwa. Ukishanoga tu, Mzee Majira aliinuka, akazunguka nyuma ya karakana, akasimama huko akisubiri, kikatoka kitone kimoja cha mkojo, basi. Kahawa aliishika tu mkononi, hainywi.

Asubuhi hiyo alikwenda, akarudi, akaenda tena. Spana akashindwa kuvumilia.

— Mzee, huko nyuma umeficha mke wa pili nini?

Walicheka. Yeye aliketi upande mmoja wa kalio, tumbo la chini limemkaza kama ngoma, akasema ni ubaridi tu.

Hapo wajuzi wakaanza kazi. Spana alisema ni bomba limeziba, linataka kupulizwa. Redio akalisingizia benchi, eti mbao zake zimembana mishipa. Spana akaona amezidiwa, akadai bila kupepesa macho kwamba ni hizo saa: mtu akiishi na tiki-tiki masikioni, kibofu nacho hujifunza kugonga kila dakika. Mzee Majira alitaka kucheka, ila kucheka kulimuuma.

Redio akakumbuka kwamba mjomba wake alitibiwa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Kihindi, akapewa unga wa mbigili.

— Mbigili hii inayotoboa matairi?

— Hiyohiyo.

Tabibu mwenyewe alikaa ghorofa ya jirani. Redio akampigia simu, akashuka mama wa makamo mwenye mkoba begani. Aliwaeleza kwamba kwa mafundisho yao kuna upepo mwilini unaosukuma uchafu chini; umri ukisogea, upepo ule hupotea njia, na tezi iliyo chini ya kibofu cha mwanamume huvimba, ikaubana mkojo. Spana na Redio wakaukodolea macho mkoba, wakingoja unga utoke. Haukutoka. Mama alichuchumaa mbele ya mzee.

— Baba, mkojo hasa, wa kutoka ukaisha, umeupata lini mara ya mwisho?

Redio akajikunyata kana kwamba ameulizwa yeye. Mzee Majira alikuwa hajamwambia shida hii hata mkewe.

— Sijui, mwanangu. Naona haya.

— Basi dawa yangu ingoje. Mkojo uliofunga ni wa hospitali, tena sasa hivi.

Redio alitoka mbio kutafuta gari, akimwacha kitini mteja aliyemsahau tangu asubuhi, kanyolewa upande mmoja; mteja naye akatoka na shuka lake shingoni, akasaidia kumpakia mzee kwenye gari. Hospitalini walimwingiza mpira wa kutoa mkojo, na mkojo ulipoanza kushuka Mzee Majira alilia machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Majibu ya vipimo yalipotoka, daktari alisema ni tezi dume iliyokua, si saratani, akampa vidonge, akamwonya asichanganye na unga wowote bila kumwonyesha kwanza. Yule mama tabibu, aliyefuatana nao, alikubaliana naye. Yeye alimwachia maneno tu: asiubane mkojo, ale chakula chepesi cha moto, kahawa aipunguze.

Aliporudi kijiweni alikuwa ameandaa hotuba nzima. Akaifupisha.

— Ahsanteni, alisema. Mlinicheka, mkanibeba.

Spana akajidai kutafuta kitu chini ya pikipiki. Wengine walipotawanyika, Redio alibaki, anakunja na kukunjua taulo.

— Mzee, yule daktari wako... anapatikana siku gani?

Mzee Majira hakumuuliza anamtakia nini. Alishusha mlango wa kibanda chake, akamshika mkono.

— Twende nikupeleke.