Juzuu la Mwaka wa Baluni

Sisi wazee watatu tuna benchi letu hapa Paris, ukingoni mwa mto, mkabala na masanduku ya kijani ya wauza vitabu. Gundi alijalidi vitabu maisha yake yote. Wembe hununua majuzuu ya magazeti ya picha ya karne ya kumi na tisa, akayachana, akauza picha mojamoja zikapambe vyoo vya watu. Mimi ni mjane wa Fulgence, aliyekusanya majuzuu hayohayo miaka arobaini, akafa bila kulipata la nusu ya pili ya 1870, mji ulipozingirwa na Waprusi, watu wakala panya na barua zikatolewa kwa baluni kubwa za kupaa angani. Shule niliionja tu, lakini picha nazisoma. Leo Wembe kaja nalo, zima, na kisu mfukoni.

— Picha ya baluni nimeshamwahidi mteja, akasema. Nikiichomoa hiyo, linalobaki chukua bure, Mama Léocadie.

— Unanipa kuku aliyeliwa mapaja.

— Shukuru limepatikana, Gundi akasema. Baridi ya mwaka ule watu waliwashia moto magazeti.

— Moto gani? Waliyala, Wembe akasema. Waliokula panya washindwe na karatasi?

— Na wino? Gundi akauliza.

— Wino ndio mchuzi wenyewe.

— Nyie hamjui kitu, nikasema. Yalipakiwa yote kwenye baluni. Mpaka leo yako juu huko, ndiyo maana Fulgence hakuyaona chini.

Gundi akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Wembe hakucheka. Alishafungua kisu, anatafuta ukurasa.

Tarishi mmoja, binti mgeni mtaani, alikuwa amekaa pembeni yetu anapumzisha miguu. Akauliza:

— Samahani bibi, huyo mzee Fulgence alitaka kuona nini humo?

Miaka arobaini nilimnunia kwa vumbi la makaratasi yake, sikumuuliza hata siku moja. Nikamtazama Gundi.

— Mimi alikuwa ananiletea nijalidi tu, akasema.

Wembe akapekua taratibu: askari, foleni ya nyama, farasi, baluni.

— Sasa nikiichomoa hii, kumbe ndiyo aliyoitaka?

— Na ukichomoa nyingine, je? Gundi akasema.

Wembe akakunja kisu. Akaniwekea juzuu mapajani, zito kama mtoto wa miaka miwili.

— Na mteja wako? nikamuuliza.

— Nitamtafutia picha ya kwingine.

Nikamwambia asante. Neno hilo sina mazoea nalo. Ilibidi nilirudie ndipo akasikia.