Mama Evelina Luhende na Maua Yanayonyauka

Waombolezaji wenzangu, majirani wa Kahangara na ninyi mliotoka Mwanza, Sengerema na Bukoba, poleni na safari. Mimi ni Bernadeta, dada mkubwa wa marehemu. Nimepewa kusoma kwa sababu ndimi niliyebaki ninayekumbuka siku aliyozaliwa. Marehemu aliacha agizo moja, na tangu juzi mnaulizana kama litawezekana kwa jua hili: kaburi lake lisiwekewe ua hata moja la plastiki. Agizo hilo limetoka mbali, mnivumilie.

Marehemu Evelina alizaliwa hapa Kahangara, Magu, tarehe 3 Mei 1936, mtoto wa tatu wa Mzee Luhende na Mama Kija. Akiwa na miaka minane alichuma maua ya pamba shambani kwa baba, kuanzia mstari wa kando ya njia, kikapu kizima, akayapanga kwenye altare ya kigango. Asiyelima pamba hajui: kila ua ni tunda la kesho, ukilichuma umechuma mavuno. Jumapili baba aliingia kusali, akakuta pamba yake imesimama kwenye kopo mbele ya Bikira Maria. Alingoja misa iishe. Nje akasema, "Evelina, maua ya maboga yanaliwa. Haya yangu tutayafanyaje?"

Evelina akajibu, "Baba, jana yalikuwa meupe, leo yamekuwa mekundu. Uliwahi kuyatazama?"

Akachapwa, kidogo. Lakini kesho yake nilimwona baba ameinama shambani peke yake, anatazama.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1950. Sista Klementina, Mholanzi aliyetunza sakristia, alimfundisha kupanga maua kwa mtindo wa kwao: marefu katikati, mafupi pembeni, yajae mpaka chombo kisionekane. Sista alikuwa na picha ya zamani yenye maua ya kila namna katika chombo kimoja, akaeleza kwamba kwao maua yale huchanua miezi tofauti. Mchoraji aliyangoja moja moja. Alisimulia pia jinsi Wamisri wa kale walivyowavika wafu wao mashada yenye maua ya majini kutoka mto Nile. Hilo marehemu hakulisahau. "Nile si inatoka ziwa letu?" alikuwa akituambia. "Basi Wamisri waliazima maji kwetu."

Tarehe 27 Julai 1957 alifunga ndoa na Longino, Mhaya, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba. Ukweni Bukoba alimkuta mama mkwe anatandika nyasi sakafuni. Akamsaidia kwa kuzimwaga tu. Mama mkwe akacheka: "Mkamwana, nyasi nazo hulazwa upande mmoja, kama watoto." Tangu siku hiyo, mtu akisema sisi watu weusi hatukuwa na mapambo, marehemu alimwuliza, "Wewe umeshaingia nyumba ya Mhaya?" Mungu aliwajalia watoto wanne. Longino alinunua shamba hapa, jirani na mdogo wetu Elias, na hapa ndipo alipozikwa mwaka 1988.

Kazi ya marehemu ilikuwa maua, na kwa maua aliwasomesha watoto. Mwanza alifanya kazi miaka mingi kwa Mama Hansa, akitunga kwa sindano na uzi mashada ya harusi za Wahindi. Jioni alirudi na vidole vya manjano. Baadaye Mama Keiko, mke wa mhandisi Mjapani wa maji, akamfundisha mtindo wa kwao: vijiti vitatu tu, kimoja mbingu, kimoja mtu, kimoja ardhi. Nilipomtembelea nikamwuliza, "Maua yameishia wapi, Evelina? Umefilisika?"

"Dada, pale pasipo na kitu ndipo ua linapopumua."

"Basi na sahani yangu usiipumulishe hivyo, nimetoka mbali."

Likaja soko huria, na maua ya plastiki kutoka Dubai. Shoga yake Paskazia, huyu hapa mbele, alifungua meza sokoni Makoroboi, Mwanza, na kumwambia, "Yangu hayanyauki!" Marehemu akajibu, "Kisichonyauka hakijawahi kuishi." Walitaniana hivyo kila siku, na kila siku walikula pamoja.

Ikaja Juni 21, 1997, harusi ya Precious, ambaye pia yupo hapa. Kamati ilitaka plastiki. Marehemu akaapa kuleta maua hai kutoka bustani ya binti yake Angela, Sengerema. Akishindwa, asiitwe tena mpambaji. Asubuhi ile magugu maji yalikizingira kivuko. Angela amekwama ng'ambo, Busisi, na ndoo zake, na misa ni saa nne. Marehemu akaenda ziwani, akakunja kitenge, akaingia majini na kukata magugu yenyewe, yakiwa yamechanua zambarau.

Paskazia akapiga kelele, "Shoga, hilo ni gugu! Nchi nzima inalilaani!"

"Lilaaniwe kesho. Leo linakwenda harusini. Nipe mabeseni."

Paskazia akatoa mabeseni yote ya mezani kwake. Marehemu akapanga mashina matatu matatu, moja juu, moja limeinama, moja chini, maji yakionekana. Mzee Masalu, mvuvi ambaye magugu yalimharibia nyavu, alisimama akasema, "Maadui zangu leo wamevaa!" Jioni yalikuwa yamenyauka yote, lakini bibi harusi alikuwa ameshasema ndiyo.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 1995, ukamzidi Novemba iliyopita. Hospitalini Paskazia alimletea waridi la plastiki. Marehemu akaniambia, "Bernadeta, limwagilie, lisijisikie vibaya." Tulicheka watatu. Kisha akanishika mkono: "Mimi nataka ua litakaloondoka nami." Alifariki Jumanne, tarehe 9 Februari 1999, alfajiri.

Ameacha watoto wanne, Angela, Jovitus, Josephat na Jovitha, wajukuu kumi na mmoja, Elias, mimi, na Paskazia, ambaye tunamhesabu.

Sasa lile agizo. Jua limeunguza bustani ya Angela yote. Lakini pamba ya Elias, shamba lile lile la baba, ndiyo imetoa maua. Jana nilimwomba. Elias akatazama mavuno yake, akauliza, "Dada, tuanzie mstari upi?" Nikamwambia, ule wa kando ya njia.

Vikapu vile pale. Paskazia atangulie, kila mmoja wenu amwekee ua moja. Leo ni meupe. Kesho yatakuwa mekundu. Asiyeamini apite atazame.

Lala kwa amani, mdogo wangu. Safari hii baba hatakuchapa.