Santo Onzima na Mama Aliyesema Anarudi

Baba Kasisi, Shehe wetu, wazee wa ukoo kutoka Ajia, majirani wa Midia, watu wa Onduparaka mliofunga biashara zenu mkapanda gari alfajiri, na ndugu zetu mliotoka kambini, nawasalimu wote kwa niaba ya familia. Mimi ni Pasca Onzima, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake, kazi ambayo yeye mwenyewe angeifanya vizuri kuliko mimi, tena kwa kelele zaidi, kwa sababu riziki yake ilikuwa kusimulia maisha ya watu wengine kwenye kipaza sauti.

Historia kama hii huanza na mwaka, mahali, jina la baba na jina la mama, na hapo ndipo familia yetu ilipokwama wiki hii. Baba yetu mdogo, Mzee Alionzi, ameniambia niseme ukweli wote, basi nausema.

Marehemu Santo Onzima alizaliwa mwaka 1991 au karibu na hapo, ng'ambo ya mpaka, nchi iliyokuwa bado inaitwa Sudan, mahali tusipopajua, kwa baba tusiyemjua, na kwa mama ambaye katika mkutano huu ni watu wawili tu tuliowahi kumwona, yaani mama yangu Hawah na mimi. Ilikuwa Agosti 1993, vita imesogea, barabara imejaa watu wenye magodoro kichwani, nasi tunateka maji kwenye pampu ile mnayoiona nyuma ya turubai, ndipo mama mmoja mrefu, mwenye kitambaa cha njano kichwani, akaja moja kwa moja kwa Mama Hawah, akamwekea mtoto mikononi bila hata kusalimiana, akasema, "Shika mutoto kidogo, mimi iko narudi." Akageuka akarudi alikotoka, akionyesha kwa mkono kwamba kuna mtoto mwingine aliyebaki nyuma. Mama Hawah akashika, foleni ikaisha, ndoo zetu zikajaa, watu wakapungua barabarani, na sisi bado tumekaa pale pale.

Jioni Baba yetu, marehemu Mzee Onzima, fundi baiskeli, alitufuata pampuni akiwa na hasira za njaa, akamkuta mtoto anamtazama tu. Akamwita Santo, akisema mtoto anayekaa mchana kutwa bila kulia lazima awe mtakatifu, jambo ambalo mtoto mwenyewe alilikanusha kabla hatujafika nyumbani. Kesho yake Mama alirudi naye pampuni, na kesho kutwa pia, na kwa kweli hakuacha kurudi. Baba alipohamishia kazi yake mjini Arua mwaka 2003, akataka tuhame wote, Mama alikataa katakata, akamwambia, "Nikihama, yule atauliza nani?" Wakaishi hivyo, baba Arua, mama Midia, wakitembeleana kama wachumba, mpaka Mzee alipofariki mwaka 2012 akazikwa kwao Ajia.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa Midia kuanzia mwaka 1998 hadi 2004, kisha sekondari mjini Koboko, akaishia kidato cha tatu mwaka 2007, si kwa kukosa akili, bali akili zake zote zilikuwa zimeshahamia kwenye kibanda cha video karibu na soko. Mwaka 2008 aliajiriwa pale kubeba mafuta ya jenereta na kupanga mabenchi, na siku moja msimulizi alipokauka sauti katikati ya picha, Santo akachukua kipaza sauti, akamalizia picha ambayo hakuelewa Kiingereza chake hata nusu, watu wakapiga makofi. Mwaka 2010 alihamia Arua, akawa vijei, yaani msimulizi wa picha, wa kibanda cha Onduparaka, akitafsiri kwa Kiswahili chetu hiki cha sokoni, maana humo ndani Mlugbara, Mkakwa, Mkongo na Msudani wote walikaa benchi moja.

Ninakikumbuka sana kibanda kile, harufu ya karanga na petroli, mwanga ukipenya kwenye matundu ya mabati, na sauti ya Santo ikisikika mpaka barabarani, hasa siku ambazo timu ya mtaa haikuwa na mechi, maana timu ikicheza, alisimulia kwa mabenchi matupu. Nikipita pale sasa husimama kidogo bila sababu.

Wengi mnamkumbuka kwa picha za mashujaa, zile za mtu anayevaa nguo ya kubana na kuruka juu ya maghorofa, ambaye kumbe si wa dunia hii, alitumwa akiwa mchanga kutoka dunia nyingine iliyokuwa inakufa, akaokotwa na wakulima wakamlea. Picha hizo zina desturi moja, wazazi waliomzaa shujaa hupewa dakika chache tu mwanzoni, wamevaa nguo nyeupe, wanaongea taratibu, wanambusu mtoto, dunia yao inapasuka, basi, hawaonekani tena, labda sauti tu shujaa anapokaribia kushindwa. Vijana walikuwa wakipiga kelele, "Peleka mbele! Tunataka vita!" na Santo, aliyewapenda vijana hao na kula kwa pesa zao, hakupeleka mbele hata siku moja.

Alikuwa na kesi na watengenezaji wa picha hizo, na kesi hiyo aliisema kwenye kipaza sauti bila aibu. "Dunia inakufa, na huyu mama iko na nafasi ya hotuba? Mama yangu hakupata hata nafasi ya kusema jambo." Au, "Kila mara baba ya shujaa iko mfalme, ao mutu mukubwa ya nyota. Kule juu hakuna fundi ya viatu?" Dunia yenyewe ilimuudhi zaidi, kwa kuwa ilikuwa vioo vitupu, "hakuna kuku, hakuna mutu anaanika muhogo, sasa mutoto atakumbuka nini?" Kwa hiyo aliwaongezea. Katika tafsiri ya Santo dunia ile iliyopotea ilikuwa na soko la Jumamosi, mihogo juu ya mwamba, na mbuzi mmoja mwizi aliyejulikana kijiji kizima, na yule mama mwenye nguo nyeupe aliitwa Nora katika picha zote, kwa sababu Santo hakujua jina la mama yake akaona amchagulie zuri. Na kwenye ile hotuba ndefu ya kumuaga mtoto, Nora wa Santo alisema maneno machache tu, na kibanda kizima kilikuwa kikiyasema pamoja naye, "Shika mutoto kidogo, mimi iko narudi."

Siku moja nilimuuliza kwa nini anasumbuka na watu wa kubuni. Akacheka, akaniambia, "Hawa wanachoma dunia muzima, ndio mutoto asiulize njia ya kurudi. Yangu haikuungua, dada. Vilima yake ninaona kutoka pampu." Alikwenda huko zaidi ya mara moja, baada ya amani ya mwaka 2005 na tena alipokuwa mtu mzima, akauliza vijiji, makanisa na masoko habari za mama wa kitambaa cha njano, akarudi na vumbi. Kila aliporudi Mama Hawah alimpikia bila kumuuliza, kisha akaenda pampuni kuteka maji ambayo hatukuyahitaji. Mama alikuwa akiogopa kwamba siku moja Santo atampata yule mama, tena alikuwa akiogopa kwamba hatampata, na zote mbili nilizisoma usoni kwake.

Mwaka 2016, tarehe 17 Disemba, marehemu alifunga ndoa na Alice, binti wa hapo hapo Arua. Siku ya kujitambulisha, wazee wa Alice waliuliza kama inavyotakiwa, huyu kijana ni damu ya nani, tusije tukaozesha ndugu, na kabla hatujafungua mdomo Mzee Alionzi akapiga meza kwa kiganja, akasema, "Iko yetu," na hakuna aliyeuliza tena. Mungu akawajalia watoto wawili, Ronnie mwaka 2017 na binti mwaka 2020, na jina la binti mmeshalibahatisha, ni Nora.

Mwaka ule wa 2017, kambi zilipojaa wenzetu kutoka Sudan Kusini, Santo alibeba jenereta na kitambaa cheupe akaenda kuwaonyesha picha. Dunia ya shujaa ilipopasuka, ndugu Kenyi, ambaye leo yuko hapa mbele, alisimama kwenye mwanga akasema, "Vijei, simamisha. Hao watu wengine ya ile dunia walienda wapi?" Santo, aliyekuwa na jibu la kila kitu, aliweka chini kipaza sauti. Akasimamisha picha, na kwenye mabenchi mtu mmoja akataja kijiji chake, mwingine akataja chake, mama mmoja akataja majina ya watoto, na picha ile haikumaliziwa. Tangu hapo, kila alipofika mahali pale alinyamaza, kibanda kizima kikangoja naye, hata wale vijana wa vita.

Juni 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa mjini Arua akakutwa na shinikizo la damu lililokwisha kuharibu figo, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kwenye kipaza sauti, akaanguka tena Januari mwaka huu wa 2025. Akiwa wodini, mbele ya mkewe, mbele yangu na mbele ya Mzee Alionzi, alisema azikwe Midia karibu na pampu, "Mama akirudi asipate taabu kuuliza." Mzee Alionzi aliinuka akatoka nje. Na mimi ninamwelewa, yeye ndiye aliyepiga meza, alikuwa ameshamwekea Santo mahali Ajia ubavuni mwa baba yetu, na kumzika mtu mbali na udongo wa baba yake, kwetu, ni kusema hakuwa mtoto wa pale. Santo alituacha Jumapili, tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi.

Jumatatu wazee walikaa hapa hapa, sauti zikapanda, tukafika mahali pa watu kutotazamana, mpaka Mama Hawah akasema, "Alionzi, mimi sijakataa, Santo iko yenu. Lakini mimi niliambiwa nishike hapa." Mzee alipanda gari akaondoka, na sisi tulijua ukoo hautakuja. Jana asubuhi tukasikia lori, likashusha wanaume wa Ajia na majembe yao wenyewe, na vijana wa Midia walipokwenda kuwapokea kazi, Mzee Alionzi, kwa umri ule, alishika jembe la kwanza, akawazuia kwa mkono akasema, "Mutoto yetu. Sisi tunachimba." Nililia pale, nasema wazi, nililia kuliko siku ya msiba wenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Midia kwa maji, kuni na turubai, wenzake wa vibanda vyote waliozima jenereta tangu Jumapili, watu wa kambini, na ukoo wa Ajia, ambao sasa sitausifu zaidi wasije wakavimba vichwa.

Nina ujumbe mmoja wa mwisho kutoka kwa Mama Hawah, nanyi mnaovuka mpaka kila wiki mtusaidie kuufikisha. Ukimkuta mama mrefu, mzee sasa, aliyempa mtu mtoto pampuni Midia mwaka 1993, mwambie hakukosea mtu. Mwambie mtoto alishikwa, akasoma, akaoa, akamzalia mjukuu wa kike, na yuko kushoto kwa pampu, apite tu, asibishe hodi.

Santo, mdogo wangu, pumzika kwa amani, mama yako akija, atanikuta hapa.