Waliofungiwa Nje, Bendi ya Marehemu Msafiri

"Huyo anaimba, au kafungiwa nje?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo aliliuliza Bi Semeni wa Nguvumali, akipepeta mchele uani kwake. Mchele wenyewe wa foleni. Redio kaseti ya jirani ilikuwa inapiga kelele: gitaa linakwaruza, mtu anafoka. Jirani akachungulia dirishani, anacheka.

"Ahsante, Bi Semeni. Umetupatia jina."

Jirani huyo ni Msafiri Maulid, kuli wa bandari ya Tanga. Ndiye tunayemkumbuka leo. Msafiri Maulid alifariki wiki iliyopita. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kanda ile alipewa na baharia wa meli iliyokuja kupakia katani. Haikuwa na jalada wala maandishi. Baharia alisema neno moja tu, panki, yaani aina ya muziki wenyewe, akapanda ngazi. Kwa hiyo bendi haikuwa na jina mpaka Bi Semeni alipouliza swali lake. Tangu siku hiyo ikaitwa Waliofungiwa Nje.

Rafiki yake Asheri, mtoto wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, alikuwa na kanda yake. Hiyo iliachwa kule Amani, milimani, na mgeni aliyekuja kuchunguza vyura. Nayo haikuwa na jina. Ngoma zake kama mvua ya masika juu ya bati, basi wakaiita Mabati. Kila Jumamosi baada ya alasiri walikaa barazani kwa Msafiri, wakashindana. Betri zikichoka, wanazianika juani.

"Mabati yako hata mama zao hawaijui," Msafiri husema.

"Bora mama. Wako hata baharia aliwakimbia!"

Mimi ni mtu wa kaswida, wasikilizaji. Muziki ule sikuupenda. Lakini nilipita pale mara nyingi, nikaona watu wazima wawili wanavyoinamia redio, kimya, kama wanaosikiliza habari za nyumbani.

Msafiri alikuwa na haja moja. Haja moja tu. Waliofungiwa Nje wapigwe redioni, hata mara moja. "Yuko mtu mahali anawajua," alikuwa akisema. "Akisikia, atatuambia jina lao."

Miaka ile hilo halikuwezekana. Kisha mambo yakafunguliwa. Mitumba ikajaa, sabuni zikajaa, na redio za watu binafsi zikaanza. Msafiri akavaa shati la Idi, akaipeleka kanda kwenye redio moja, siyo hii. Wakamwambia aiache, wataisikiliza.

Ilirudi baada ya miezi. Na tangu iliporudi, Msafiri hakuipiga tena. Asheri akamwomba. Hapana. Akamsihi. "Kanda imechoka," Msafiri akajibu.

Asheri akasimama barazani, watu wanasikia: "Unaificha kama sukari ya magendo! Mlanguzi wa kanda wewe!"

Hawakusemezana tena. Nguvumali ni mtaa mmoja, wasikilizaji. Walipishana kwa muuza mkaa, huyu anatazama mkaa, yule anatazama mizani. Mpaka mauti.

Nilipokwenda kutoa mkono wa pole, mjane wake, Bi Shadya, alinipa kanda ile imefungwa kwenye leso. Akaniambia, "Asheri hajui. Mwambie wewe, dada yangu. Mimi nimo edani."

Mnaikumbuka kanda, mgongoni ina vijino viwili vya plastiki? Ukivivunja, hairekodi tena. Kanda ya baharia ilikuwa imevunjwa vijino. Lakini kanda tupu zilipoadimika, sote tuliziba vile vitundu kwa karatasi, tukarekodi juu yake. Dada yake Msafiri alipoolewa, wanawake waliziba kanda ile ili warekodi vigelegele. Msafiri akaipokonya kabla kitufe hakijabonyezwa. Karatasi akaisahau ndani.

Kule redioni walihitaji kanda. Wakaikuta hii inakubali kurekodiwa.

"Aliona haya," Bi Shadya akasema. "Alisema, karatasi ilitoka nyumbani kwangu, nitamlaumu nani? Nikamwambia, mwambie Asheri. Akasema, bora aniite mchoyo kuliko ajue hawapo tena."

Inaniudhi, wasikilizaji wapendwa. Naisema wazi, inaniudhi. Kitu kililindwa miaka ya dhiki, kikafutwa miaka ya neema, na urafiki ukafa kwa neno moja lisilosemwa.

Kwa Bi Shadya, kwa watoto na kwa wana Nguvumali: poleni sana. Eda ni ndefu, naijua. Mungu amrehemu Msafiri Maulid. Nasi tuliobaki, kama kuna mtu tunapishana naye kwa macho ya mkaa, twende tukamuulize leo.

Jana Asheri alikuja hapa studioni. Nilitaka kumweleza kwanza. Akakataa. "Piga tu, Bibi. Nimengoja miaka."

Nikapiga. Likaja tangazo la sabuni. Tangazo likaisha, likaja lile lile. Akaigeuza kanda kwa mkono wake. Upande wa pili, unga wa ngano.

"Msafiri alijua?" akauliza.

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza nyinyi.

Akaitoa kanda. Kwa ukucha akachokoa kile kikaratasi kitunduni, kimekuwa cha manjano. Akakiweka juu ya meza yangu, taratibu. Kanda akaifunga kwenye leso ya Bi Shadya, akatia kofia, akatoka.